Mmefika Wangapi?



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuchagua mbegu. Mwezi huu tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze juu ya mikutano. Usifunge gazeti! Najua mikutano imekuchosha. Umekaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa saba. Njaa inauma. Mwenyekiti bado anawatambulisha wageni. Hata mimi bwana shamba nimekaa kwenye mabenchi hayo miaka mingi.

Lakini nikuulize. Ghala la chama chenu ni la nani? Mashine ya kusaga ya kikundi ni ya nani? Utajibu, "Ni yetu sote." Umesema kweli. Basi nina swali la pili. Siku ile ilipoamuliwa kwamba ghala liwekwe dhamana ya mkopo, mlikuwa wangapi?

Neno letu la mwezi huu ni AKIDI. Lisome tena polepole: a-ki-di.

Akidi ni idadi ya wenye mali ambao lazima wawepo mkutanoni ili uamuzi wao uwe halali. Wakipungua hapo, huo si mkutano. Ni maongezi. Watu wanaweza kukaa, kusalimiana, kunywa chai na kuagana. Lakini hawawezi kuuza mali ya wote. Hawawezi kukopa kwa jina la wote. Hawawezi kumfukuza mwenzao.

Hata Bunge letu lina akidi. Katiba ya mwaka 1977 inasema akidi ya vikao vya Bunge ni nusu ya wabunge wote. Wengi wenu mlilisikia neno hili redioni mwaka 2014, wakati Bunge Maalumu la Katiba lilipokaa Dodoma. Wakati ule ilisemwa sana "theluthi mbili, theluthi mbili." Katiba Inayopendekezwa ilitakiwa ikubaliwe na theluthi mbili ya wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar. Hapo tuwe waangalifu. Theluthi mbili ile ilikuwa ni hesabu ya kura. Akidi ni hesabu nyingine. Akidi inahesabu waliopo. Kura inahesabu waliokubali. Kwanza tujue kama tumetosha, ndipo tuulizane nani anakubali.

Hapa kwetu Songea mali ya pamoja si jambo geni. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku ya moshi walikuwa tayari na chama kikuu chao, Ngoni-Matengo, ambacho watu walikiita NGOMAT. Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya vijiji na vijiji vya ujamaa, na kijiji chenyewe kikawa chama cha ushirika. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchini pote. Uamuzi ule haukutoka kwenye mikutano ya wanachama, na wazee wanaukumbuka mpaka leo. Sheria ya mwaka 1982 ikaturudishia vyama. Sasa tunafuata Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na chama kikuu cha wakulima wa Songea na Namtumbo ni SONAMCU. Chini yake viko vyama vya msingi, na chini ya vyama vya msingi uko wewe na gunia lako la ufuta au la soya.

Nasema "chini" kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Kwa kweli wewe ndiye uliye juu. Mwenye chama ni mwanachama. Meneja ameajiriwa. Bodi imechaguliwa. Mkutano mkuu ndio unaoamua mambo makubwa. Moja ya mambo hayo ni ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa mwaka huo. Fikiri vizuri, ndugu yangu. Ukomo wa madeni ukipitishwa na watu wachache, deni litalipwa na watu wote. Makato ya ufuta hayaulizi nani alihudhuria.

Je, akidi ya chama chako ni watu wangapi? Siwezi kukuambia kutoka hapa. Imeandikwa katika masharti ya chama chenu, kile kijitabu kilichosajiliwa kwa Mrajis. Vikundi vidogo huiandika katika katiba ya kikundi. Wengine wameandika nusu ya wanachama. Wengine wameandika theluthi mbili. Wenye wanachama wengi hutumia wawakilishi, na hapo wanaohesabiwa ni wawakilishi. Jumuiya ya watumia maji ina kanuni zake pia. Kijitabu hicho si cha katibu. Ni chako. Una haki ya kukiomba na kukisoma. Kama maandishi ni madogo, mwombe mtoto wa darasa la sita mkisome pamoja.

Sasa tupige hesabu. Chukua maharage. Chama kina wanachama 96. Masharti yanasema akidi ni nusu. Hesabu maharage 96, yagawe mafungu mawili. Kila fungu lina 48. Basi wakifika 47, mkutano bado. Akifika mmoja zaidi, mkutano unaweza kuanza. Kama masharti yanasema "zaidi ya nusu," 48 hawatoshi. Lazima wawe 49. Mtu mmoja anaweza kuwa mkutano mzima! Kwa hiyo usiseme, "Mimi mmoja sitapungukia."

Katika ushirika mtu mmoja ni kura moja, awe na ekari moja au ekari arobaini. Vivyo hivyo akidi inahesabu vichwa, haihesabu magunia. Tena anahesabiwa mwanachama mwenyewe. Kama aliyeandikwa daftarini ni mama, baba akija mkutanoni amekuja kama msikilizaji. Akina baba wengi hawapendi niseme hivyo. Lakini daftari ndilo linalosema.

Na hilo daftari lina ugonjwa wake. Nimeona daftari lenye majina 120. Tulipolisoma jina kwa jina, watu 20 walikuwa wamefariki na 15 walikwisha kuhama. Waliobaki ni 85. Nusu ya 120 ni 60. Basi kila mkutano walitakiwa wafike watu 60 kati ya 85, wakati wengine ni wagonjwa na wengine wana misiba. Wakalalamika kwamba akidi ni kubwa mno. Kosa halikuwa la akidi. Lilikuwa la daftari. Kila mwaka lisomwe mbele ya watu. Marehemu aondolewe kwa utaratibu, na mtu aliyemwandika kuwa mrithi wake aitwe apewe haki ya marehemu. Aliyehama aandikiwe barua. Msiogope kulisoma daftari. Marehemu akiachwa daftarini, wako watu watakaomtumia.

Nitakueleza jambo nililoliona. Kijiji sitakitaja.

Kikundi kimoja kilikuwa na wanachama 64. Walichanga fedha wakanunua mashine ya kusaga ya dizeli. Wengi wao walikuwa akina mama. Katiba yao ilisema akidi ni zaidi ya nusu, yaani watu 33. Mwezi wa Januari viongozi wakaitisha mkutano. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wako kwenye palizi. Walifika 17. Ikapendekezwa kwamba mashine iwekwe dhamana, kikundi kikope, kinunue pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Waliokuwapo wakakubali. Labda wazo lenyewe halikuwa baya. Lakini 17 si 33. Muhtasari ulipoandikwa, ukasema wamehudhuria 41.

Pikipiki iliharibika kabla ya deni kwisha. Mkopeshaji akaja na karatasi zake, akaifunga mashine kwa mnyororo. Tangu siku hiyo akina mama walikuwa wanajitwisha mahindi mpaka kijiji cha pili, kwenda na kurudi nusu siku nzima. Mwezi wa Agosti ukaitwa mkutano mwingine. Safari hii walifika karibu wote. Hasira ililetwa na miguu yake!

Ofisa ushirika akaomba daftari la mahudhurio la Januari. Likapita mkono kwa mkono. Mama mmoja akalishika kwa muda mrefu. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, na alikuwa anafuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama. Akasema, "Hili ni jina la mume wangu. Mume wangu tulimzika mwezi wa kumi. Mwezi wa kwanza alikuja mkutanoni kutia sahihi?"

Hakuna aliyejibu.

Viongozi wawili waliondolewa siku ile. Shauri likapelekwa mbele. Lakini mkopeshaji alitaka fedha zake, na mkononi alikuwa na karatasi yenye sahihi na mhuri. Mashine ilikaa na mnyororo msimu mzima. Wanachama walichanga tena, mara ya pili, kuikomboa mali ambayo ilikuwa yao tangu mwanzo.

Wengine watasema wale viongozi walikuwa wezi. Mimi nauliza pia juu ya wale 47 ambao hawakuja. Walikuwa wapi? Walikuwa shambani. Na hapo siwezi kuwalaumu sana. Mimi mwenyewe ndiye ninayewaambia kila mwaka kwamba palizi ikichelewa mahindi yanapotea. Mkulima akichagua kati ya magugu na mkutano, atachagua magugu. Kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa tarehe.

Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukoma mwezi wa Aprili. Desemba tunapanda. Januari tunapalilia na kuweka mbolea ya kukuzia. Mwenye tumbaku ya moshi huanza kuchuma kabla mvua haijakoma, na akishawasha moto kwenye bani hawezi kuondoka. Ufuta unatuita Mei na Juni. Mahindi yanatuita Juni na Julai. Tazama basi kalenda. Agosti, Septemba na siku za mwanzo za Oktoba ndizo zenye nafasi. Barabara ni kavu. Mtu wa kitongoji cha mbali anaweza kutembea saa mbili akafika bila matope. Mambo makubwa, kama kuuza, kukopa au kujenga, yasubiri miezi hiyo. Kiongozi anayeitisha mkutano wa mkopo wakati wa palizi, aulizwe kwa nini ana haraka.

Saa nayo ina maana yake. Wakati ulanzi umejaa kwenye mianzi, usiitishe mkutano saa tisa alasiri. Akidi utaipata, lakini sitaki kusema ni akidi ya namna gani.

Na tangazo je? Siku hizi makatibu wengine hutuma ujumbe wa simu, wakaona wamemaliza. Simu ni nzuri. Lakini wako wanachama wasio na simu, na wako ambao simu zao hazina chaji siku tatu. Bandika karatasi kwenye mlango wa ghala. Tangaza msikitini na kanisani. Katika tangazo taja jambo litakaloamuliwa. Usiandike "ajenda mbalimbali na mengineyo." Nimekuwa nayaogopa hayo "mengineyo." Mara nyingi ndimo ghala linamouzwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Je, akidi isipotimia inakuwaje? Mkutano unaahirishwa. Masharti mengi husema utaitwa tena baada ya siku kadhaa. Halafu yanaongeza: katika mkutano huo wa pili, watakaofika ndio watakuwa akidi, hata wakiwa wachache. Soma masharti yenu kama yana maneno hayo.

Kanuni hii ina sababu yake. Bila hiyo, watu wavivu wangeweza kukizuia chama kisifanye lolote miaka yote. Lakini ina mtego. Watu wengine wanaopinga jambo huambiana, "Tusiende, akidi ivunjike." Wiki ya kwanza wanashinda. Wiki ya pili wanakaa nyumbani tena, wakidhani wameshinda. Kumbe siku hiyo watu kumi tu wanatosha, na wale kumi ndio wanaolitaka jambo lile. Wakirudi wanakuta limepita kwa halali. Kama hupendi jambo, nenda ukalikatae kwa kura yako. Kutokwenda ni silaha ya wiki moja.

Shida hii si ya wakulima tu. Wenye nyumba za ghorofa mjini wanayo. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria juu ya umiliki wa sehemu za jengo. Kila mtu ana vyumba vyake, lakini paa, ngazi na ua ni mali ya wote, na lazima wakutane kuvitunza. Huko Sydney, nchini Australia, wenye nyumba kama hizo wamewekewa akidi ya robo tu. Hata robo wasipofika katika nusu saa, mwenyekiti ana njia mbili. Anaweza kuahirisha mkutano kwa siku saba au zaidi, au kutangaza kwamba waliopo wanatosha. Watu wa mji mkubwa wenye magari na taa za umeme, nao hawaji mkutanoni! Hata hivyo sipendi robo kwa vyama vyetu. Paa likivuja Sydney, mwenye nyumba atapaka rangi upya. Chama chetu kikipoteza ghala, hakuna mahali pa kupeleka soya.

Akidi ihesabiwe lini? Wengi huihesabu asubuhi, watu wanapotia sahihi. Halafu saa sita watu wanaanza kuondoka mmoja mmoja. Huyu ana mgonjwa, yule anafuata ng'ombe. Saa tisa mkutano una watu ishirini, na ndipo jambo la mkopo linaposomwa. Daftari bado linasema 52. Kwa maoni yangu jambo kubwa liwekwe la kwanza, watu wakiwa na nguvu. Na kabla ya kura watu wahesabiwe tena, kwa macho, siyo kwa daftari. Mwanachama yeyote anaweza kusimama na kusema, "Ndugu mwenyekiti, naomba tuhesabiane." Hakuna tusi ndani ya maneno hayo. Mwenyekiti mwema atafurahi, kwa sababu hesabu hiyo inamlinda hata yeye. Kisha muhtasari uandike idadi tatu: waliopo, waliokubali, waliokataa. Usomwe palepale kabla watu hawajatawanyika.

Posho ya kuhudhuria siipendi. Fedha inayolipwa ni ya chama, na ikikosekana mwaka mmoja watu hawaji tena. Faini ndogo kwa asiyekuja bila sababu ni afadhali, mradi isiwatoze wagonjwa na waliofiwa.

Nimalizie na ardhi, maana hiyo ni mali ya pamoja iliyo kubwa kuliko ghala. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ni watu 15 mpaka 25. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Wewe, mke wako, mama yako, na kijana wako aliyemaliza shule. Akija mtu anaomba ekari mia tano za kijiji, halmashauri peke yake haitoshi. Lazima muitwe. Na mkiitwa, muulizane kwanza mmefika wangapi, na muhtasari uandike majina ya watu walio hai.

Kabla ya mkutano wenu ujao, nenda kwa katibu. Omba masharti. Tafuta ukurasa wa mikutano, usome akidi ni ngapi, na mkutano wa pili unasemaje. Andika idadi hiyo kwa kalamu nyuma ya kadi yako ya uanachama.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya dumuzi katika mahindi yaliyohifadhiwa. Leteni maswali yenu mapema.

Ni mimi Bwana Shamba wenu,
Songea